Sikio la Lushinge

Mtumbwi bado uko mbali, haujapita hata yale mawe,
na Lushinge ameshaweka kikombe chini:
"Silinda ya pili. Plagi imelowa.
Na huyo mwendeshaji anachanganya oili kwa kukisia."
Wakifika, tunafungua, ni hivyo hivyo.
Hata oili.

Nilijifunza naye pale Mwaloni, Kirumba, miaka minne.
Mimi niliandika kila kitu kwenye daftari la hesabu:
namba ya spana, bei ya gasketi, jina la mwenye chombo,
maana kichwa changu ni tenga, dagaa hupita.
Yeye hakuandika. Aandike nini,
na kila mashine inamwambia yenyewe?

Sasa mnaniuliza, mkiegemea meza yangu,
kwa nini kibao cha nje kina jina langu.
Wengine mmeshajijibu. Karogwa, mnasema, na shemeji.
Pombe. Hakunywa; kahawa chungu na kashata mbili.
Mbio za sakafuni, anasema muuza barafu.
Lakini Lushinge hakukimbia hata siku moja.

Nitasema nilichokiona.
Akishaujua ugonjwa, tiba ilimchosha.
Kwake mashine ilipona pale aliposema "plagi."
Kilichobaki, boliti kumi na mbili, grisi,
kunawa mikono kwa petroli,
kumsubiri mwenye mali amalize kulalamika,
kilikuwa kama kusimuliwa hadithi ambayo mwisho wake anaujua.
Aliinuka, akaenda kusikiliza nyingine.
Nami nilibaki na spana.

Nilifunga. Hilo ndilo nililoliweza, kufunga,
mpaka boliti ya mwisho, jua likinichoma shingo,
makorongo wakigombea matumbo ya sangara nyuma yangu.
Kisha mwenye mali alitoa hela,
na hela humwendea aliyesimama karibu.
Risiti ilitaka jina. Niliandika langu.
Mwanzoni kwa penseli.

Kiwanda cha minofu kilipotangaza kazi, boti tisa,
walitaka barua, namba ya mlipakodi,
na mtu afike saa mbili kamili.
Lushinge alifika saa nne.
Alikuwa amepitia Igombe
kusikia mlio ambao hajawahi kuusikia.
Macho yalimng'aa. Alinieleza pale nje ya geti,
akiuiga kwa mdomo, trrr, tk, trrr,
nami nimeshika bahasha
yenye barua yangu.
Sikumwambia aingie. Hakuuliza.

Minza, dada yake, aliniambia neno moja tu
akinipimia dagaa:
"Tangu utotoni walimsifu kabla hajamaliza.
Angemalizia nini?"
Akaongeza kiganja juu ya kipimo, bure.
Dagaa wale walinikaa kooni.

Leo nina vijana watatu, kabati la spea,
na kimashine cha kutoa risiti ambacho hakijui penseli.
Vijana wanafunga vizuri. Nimewafundisha.
Yeye, nasikia, yuko Kome, au Ukara,
anatengeneza redio,
au hatengenezi, anazisikiliza.

Jana imeletwa mashine ya farasi arobaini.
Ikiwa na mzigo inakohoa, ikiwa tupu haikohoi.
Tumebadilisha kila kinachobadilishika.
Jioni vijana wameondoka, nimeinama,
nimelaza sikio juu ya kifuniko chake cha moto,
nimefumba macho, kama yeye.

Nimesikia mashine.

Nimeinuka, nimetafuta daftari,
nimefungua ukurasa mweupe,
nimeandika tarehe.