Sababu ya Tukio

Kila asubuhi, kabla ya chai, napanda ngazi ya tangi
na ufito wangu wa shaba. Nauzamisha, nauvuta,
nasoma unyevu unapokomea, naandika daftarini.
Miaka tisa. Jumatatu ile niliandika elfu kumi na moja na mia nne.
Jumatano ufito ulitoka mkavu
ila ncha tu.

Mto Ngong ulipanda usiku,
ukaingia ghalani bila kubisha,
ukabeba mapipa, gambuti, mbwa wa Muthengi na kibanda chake,
gogo likavunja bomba la tangi,
na mto ukatoka kwa lango la mbele kama mwajiriwa.
Ulipopungua ulikuwa na rangi.
Rangi nzuri, Mungu anisamehe:
zambarau, kijani, shingo ya njiwa,
ikizunguka madimbwini kote Lunga Lunga,
na watoto wameinama wakiichora kwa vijiti.

Kisha harufu.
Kisha madebe.
Unga umelowa, godoro limelowa, kodi haijalowa,
na dizeli inapita mlangoni bure. Nani wa kulaumiwa?
Nilimwona mtu akichota kwa kikombe cha mtoto,
kwa upole, kama anayechota chemchemi.

Nyaboke wa zahanati alishika sufuria tupu
akaigonga kwa mwiko, uchochoro hadi uchochoro:
Zimeni! Zima jiko, zima sigara, zima mshumaa!
Wengine walimcheka.
Ndipo Mutheu akatoka nje
akapandisha mkono wa sweta hadi begani.
Hakusema neno. Wenyeji wanalijua lile kovu
na mwaka lilipopatikana.
Madebe yalitua chini, moja, kisha mengi.

Kiwanda cha magodoro kilitupa masalia ya sponji juu ya ukuta.
Seremala wa majeneza akatoa vumbi la msumeno.
Onditi kinyozi akaleta magunia mawili ya nywele,
miezi minne ya vichwa vya mtaa huu,
vya harusi, vya matanga, vya kuanza shule.
Tulizishindilia katika soksi ndefu, tukafunga kwa katani,
tukazilaza majini chini ya daraja la reli, ukingo hadi ukingo.
Nywele hunywa mafuta, alisema Onditi,
hata kichwani ndiyo kazi yake.
Tulicheka, kifua kikiwaka,
tukakamua, tukalaza tena.

Usiku huo mtaa mzima haukupika.
Mkate mkavu, maziwa baridi, vikohozi.
Mtoto alililia chai hadi akasahau alichokuwa akililia.
Hakuna aliyewasha hata kiberiti.
Sijawahi kukaa katika giza lenye adabu kama lile.

Siku ya nne walikuja wenye buti mpya na fomu.
Sababu ya tukio?
Mvua, akasema msimamizi.
Wakaandika: mvua. Nikatia sahihi pale penye nukta.

Sasa sikilizeni.
Tangi limezungukwa na ukuta mfupi
ili likivuja, livujie humo humo.
Chini ya ukuta kuna koki, ya kumwagia maji ya mvua.
Jumanne jioni maji yalikuwa magotini, nikaifungua.
Simu ikalia: kwangu maji yameingia, wanangu wako juu ya meza.
Nilikimbia.
Koki sikuifunga.

Huenda mto ungeuruka ukuta vyovyote vile.
Huenda.
Mto haukuulizwa, nami sikuulizwa.

Siku hizi nikishashuka ngazi nazunguka nyuma,
naishika. Imefungwa. Nageuza tena.
Imefungwa.

Jumamosi Onditi alininyoa.
Alifagia nywele zangu sakafuni, zina mvi sasa,
akazitia kwenye gunia jipya.
Za akiba, akasema, mvua ziko njiani.
Nilitaka kumwambia.
Kitambaa kilikuwa kimenibana shingo.