Saba Nane Sita Nne Tano

Jina lako nimelifunika kwa kidole gumba.
Sheria inataka hivyo, nami, Marlys Haugen,
mwaka wa ishirini na mbili katika kazi ya misimbo,
sijawahi kuacha jina la mtu likae mezani na kahawa yangu.

Umri: sabini na moja.
Kazi ya zamani: dereva wa malori ya viazisukari.
Wengine maji huwafika shingoni.
Yako yalianzia juu, yakashuka kukutia aibu:
miguu ikanata sakafuni kama iliyogundishwa,
suruali ikalowa kanisani,
jina la mkeo likaning'inia kwenye ncha ya ulimi, lisianguke.

Wakakutoboa fuvu, wakakulaza mrija chini ya ngozi,
nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, hadi tumboni,
maji yapate pa kwenda.
Miaka mitatu ukatembea.
Kisha ukanata tena.

Ndipo Daktari Thorvaldson akachukua sindano nyembamba,
akachoma kijifuko kilichotuna chini ya nywele zako
(hiyo ni sita moja sifuri saba sifuri),
akadondosha tone lenye mnunurisho,
na kamera ikalikodolea macho ione kama litashuka
(hiyo ni saba nane sita nne tano).
Mimi huandika hayo tu.
Tone, kamera, namba, senti.

Bima wamekataa.
Wanasema sindano imo ndani ya picha,
anayelipia mkate halipii kisu.
Tena wanauliza: iko wapi saini ya aliyechoma?
Renae, mkubwa wangu, ameandika: Ifute, tusonge mbele.

Nimeifungua tena faili usiku, kwenye chumba cha chini,
pampu ikikoroma shimoni mwake karibu na miguu yangu.
Ni Aprili. Mto wetu hapa Fargo huenda kaskazini,
na kaskazini bado ni barafu;
maji yakifika huko yanakuta mlango umefungwa,
yanarudi kututafuta majumbani.
Kila mwaka tunajaza magunia ya mchanga.
Kila mwaka yuko mtu anayeuliza
mto gani huu usiojifunza.

Ukurasa wa tano. Mwandiko wa fundi wa picha:
Dakika ya kumi, tone halijasogea.
Dakika ya thelathini, halijasogea.
Mgonjwa akaombwa ainuke, atembee ukumbini.
Mkewe akamshika mkono, akahesabu kwa sauti.
Hatua arobaini na moja.
Picha iliyofuata: tone limepita kola, liko kifuani.

Nimesoma mara tatu.
Chini yake, kwa wino mwingine, saini ya daktari,
saa na dakika ya sindano.
Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta,
hiyo ndiyo niliyoizungushia duara kwenye rufaa.
Lakini hatua arobaini na moja?
Nimekipekua kitabu chote.
Upo msimbo wa kuumwa na kasuku.
Upo wa kuungua kwa ski za majini zilizoshika moto.
Wa mke anayehesabu, hakuna.

Wiki ya tatu bima wamelipa, pungufu ya dola kumi na nne.
Renae amenitumia picha ya kidole gumba.
Sijui kama walikubadilishia vali
au unanata tena, saa hizi, kati ya jiko na meza.
Faili ikifungwa imefungwa.

Usiku huu pampu imenyamaza ghafla.
Nimepiga magoti kwenye saruji, tochi mdomoni,
mkono umezama shimoni hadi kiwiko,
napapasa mrija,
na bila kukusudia nimeanza kuhesabu.