Ghala la Saba, Kibaigwa

Saa moja jioni mizani hufungwa.
Makuli hupangusa vumbi la mahindi kwenye nyusi,
na mimi, karani wa kuandika kilo,
hugeuza daftari upande wa nyuma.

Huja wanne. Siku nyingine saba.
Ndahani, kuli wa mchana, anarudia mtihani mara ya pili.
Nyemo, bado ananuka zizi.
Sakalani, kutoka Pandambili kwa baiskeli isiyo na breki.
Mwajabu, ambaye haongei mpaka awe na uhakika,
na akiwa na uhakika, hunong'ona.

Ubao wetu ni mlango wa bati.
Chaki tunaomba kwa fundi cherehani,
ile bapa ya kuchoria suruali,
kwa hiyo hesabu zetu ni za buluu.

Naandika: gunia la kilo mia
linateremka kwenye ubao ulioinama nyuzi thelathini.
Tafuta msuguano.
"Msuguano naujua," asema Ndahani,
anavuta kola, anaonyesha bega.
Tunacheka. Kisha namwambia,
useme kwa namba, kaka.
Msahihishaji hasomi mabega.

Na msinijazie majibu lumbesa!
Swali la alama mbili halitaki kurasa mbili.
Swali limevaa Kiingereza,
mvueni koti kwanza,
mtamkuta ndani ni mtu mnayemjua.
Na kabla ya kuandika chochote, hesabuni kurasa.
Hesabuni kurasa.
"Umesema jana," anong'ona Mwajabu.
Nitasema na kesho.

(Sijawaambia.
Mwaka wangu, kiganja kilitoka jasho,
karatasi mbili zikashikana kama mume na mke,
nikakabidhi, nikatoka nje nikitabasamu.
Maswali matatu yalibaki humo gizani.
Ndiyo maana najua bei ya mahindi
ya kila wiki kwa miaka kumi na moja.)

Chuo kikuu kiko Dodoma, juu ya kilima.
Ndahani amepita chini yake usiku, mara nyingi,
amelala chali juu ya shehena,
anasema taa zake ni nyingi kuliko za Kibaigwa yote
na hajawahi kumwomba dereva asimame.

Aprili ikaisha, mahindi yakakauka shambani.
Baba yake Nyemo akaja ghalani, kofia mkononi,
hakukasirika, hilo ndilo lilinipa tabu.
"Mahindi hayasubiri, mwalimu.
Huo mtihani wenu una kilo ngapi?"
Nikatazama mizani. Ilikuwa kwenye sifuri.
Nyemo akafunga daftari, akamfuata.

Siku nne mahali pake pakawa na gunia tupu.
Ya tano akaingia, kucha nyeusi,
midomo imepasuka kwa upepo.
"Kila mstari wa shamba, kanuni moja," akasema.
"Mstari wa ishirini na sita nilikwama."
Ipi?
Akaichora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu.
Mwajabu akapiga magoti,
akaongeza alama ya kutoa,
akarudi kukaa.

Leo ni Jumatatu ya mtihani. Baridi ya Mei
inapita chini ya mlango wa bati
na hesabu za jana bado zipo, za buluu,
moja nimeikosea, nimeiona sasa hivi,
Mungu wangu, isitoke hiyo.

Malori matano yako foleni.
Ikagonga saa mbili kamili, nikainua mkono:
simamisheni.
Dereva akapiga honi. Kuli akashika gunia hewani,
akanitazama kama mtu aliyepagawa.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Taratibu, kwa kidole kilicholowa mate,
nikafunua upepo mpaka ukurasa wa mwisho,
nikaukagua nyuma.

Haya, nikasema. Pandisha.
Kilo mia moja na mbili.