Karani wa Ndani

Flashi imekuja imefungwa kwenye leso,
mali ya Bwana Hokororo, karani wa ghala, Newala.
"Misimu mitatu ya korosho imo humo," kasema,
"na kompyuta inadai sifuri."

Nimeipasua kwa wembe.
Kumbukumbu nzima, haina hata ufa;
kilichoungua ni kile kichipu jirani,
kama ukucha wa mtoto,
kinachojua kipi kimelazwa wapi.

Nikatafuta pacha wake dukani kwa Nandonde:
ganda lilelile, nembo ileile, bei ileile.
Ndani, kidhibiti kingine kabisa.
Hakisomi mwandiko wa marehemu.

"Nieleze kama mtu."

Gunia zako zote zimo ghalani, Bwana Hokororo.
Hazina majina. Na zilihamishwahamishwa makusudi,
leo pembe hii, kesho ile,
sakafu isichakae upande mmoja.
Aliyejua ya nani iko wapi
ndiye aliyekufa.

Kanyamaza. Katazama vidole vyake.
Nikakataa hela; akaiacha juu ya kolea.

Jumatatu nimepita ghalani:
yumo na binti wa Chinduli, daftari wazi,
anamwonyesha gunia kwa gunia,
akikohoa.