Umbali wa Ngumi Moja

Kila Jumatatu nafungua skrubu,
naivua maikrofoni sponji yake nyeusi, naiosha kwa maji ya vuguvugu.
Inanukia mate:
yale ya kunywa, majani machungu
wanayofyonza huku kwa mrija wa chuma,
na yale ya kinywani, ya miaka kumi na tisa
ya Hortensia Barrientos akitamka Puerto Quelén,
kila P kofi dogo la upepo.

Ndani hamna maajabu.
Kiwambo chembamba kama ganda la kitunguu,
koili ya waya, sumaku.
Sauti inasukuma, waya unatikisika,
umeme kiduchu unazaliwa. Basi.
Ukiiangusha, ionee huruma sakafu.

Sikio la kufa halisikii dawa;
hili la chuma halisikii mvua.
Na hapa, kusini kabisa mwa Chile,
mvua hainyeshi: imepanga chumba juu ya mabati
na kodi hailipi.

Mwaka juzi makao makuu walituletea nyingine,
ya rangi ya fedha, nyembamba, yenye sikio la umbea.
Ilisikia mabati. Ilisikia friji,
mbwa wa padri, viatu vya Nolberto kwenye ngazi,
tumbo la Hortensia likidai mkate.
Mzee Chiguay akatuma neno kutoka kisiwani:
"Mwambieni bibi afunge dirisha."
Dirisha lilikuwa limefungwa.
Siku ya nne tukairudisha kwenye boksi lake.

Hii kuukuu husikia jirani tu:
ngumi moja kati ya mdomo na wavu.
Ukisogea, sauti yako inaota kifua.
Ukirudi nyuma, unakonda.
"Njoo au nyamaza," Hortensia humwambia mgeni,
awe meya, awe askofu,
akimshika kisogo kama anayemnywesha ndama.

Saa saba na nusu mchana ni saa ya ujumbe,
kwa mabonde ambako simu hazishiki.
*Kwa Eudocia Millalonco, mto wa juu:
kitanda kimefika kwa boti. Uje na maksai wawili.*
*Kwa baba wa mtoto wa Vargas:
ni wa kike, kilo tatu na robo. Acha kulia, lete kuni.*
*Kwa mwenye farasi wa doa jeupe:
anakula kabichi za shule.*
Kila ujumbe mara mbili, polepole,
kwa ajili ya anayetafuta penseli.

Jumanne moja ya Julai
Nolberto aliweka karatasi mezani, maandishi chini,
akatoka bila kuaga.
*Kwa Ananías Barrientos, nyumba ya mwisho kabla ya barafu:
mama ametutoka alfajiri ya leo.
Tunazika Ijumaa. Tunakusubiri.*

Nilikuwa nyuma ya kioo.
Alisoma ya kitanda, akasoma ya kuni,
akalifikia jina la kaka yake.
Sikumwona akilia. Nilimwona akirudi nyuma,
ngumi mbili, tatu, tano,
hadi kiti kikagonga ukuta,
na kutoka huko akausoma neno kwa neno,
mara mbili.
Mshale wa kipimo ukalala.
Niliongeza sauti kidogo:
maneno yafike, pumzi ibaki chumbani.

Bonde zima likadhani betri zimekwisha.
Watu wakazipiga redio makofi,
wakazitoa betri, wakazipasha joto kando ya jiko.
Eudocia alipanda uzio, antena mkononi,
akiapiza kiwanda.
Ananías hakuigusa redio yake.
Alikwenda kutandika farasi.

Jumamosi alirudi, matope ya makaburini
yangali kwenye visigino.
Nilikuwa nimefua sponji, haijakauka vizuri.
Akainusa, akakunja uso: "Umenifulia hadi jina."
Akaketi. Akaipima ngumi.
Akakohoa pembeni,
akaanza na yule farasi,
ambaye bado anakula kabichi.