Uzi wa Thelathini na Moja

Walikishusha Forodhani wanaume sita,
kimefunikwa blanketi kama mgonjwa,
wakakipandisha ngazi za nyumba ya balozi, Shangani,
wakikitukana kila kidato.
Walipokivua niliona miimo ya mlango
uliotoroka ukuta wake,
nyuzi zimetiwa pale pa kupitia watu.
Kaitano, Mgoa wa jikoni, akasema: Kinubi.
Nikasema: Haya. Na huyu bibi?
Huyu, akasema, watu hulipa kumsikiliza.
Kapiga Viena, kapiga Parisi,
alikuwa safarini Bombei, meli ikavunjika mtambo.
Kwetu amemwagika tu.

Jina lake Ilona. La pili sikulishika.

Unyevu wa Unguja hauna adabu kwa mgeni.
Usiku wa kwanza nyuzi nne zilikatika,
pa! gizani, na baada ya kitambo, pa!
hata bawabu akapiga kelele za wezi.
Kwenye sanduku alikuwa na akiba ya tatu.

Ndipo Kaitano akanikumbuka mimi,
Mize wa Kajificheni,
niliyerithi kwa marehemu mume wangu
kazi ya kusokota nyuzi za magambusi
pamoja na harufu yake.
(Harusini wenzangu hunichagulia mkeka wa dirishani.)

Nilikwenda alfajiri kwa mchinjaji,
utumbo wa mbuzi mchanga, ungali na moto.
Nikaukamua, nikauparura kwa ukingo wa upawa,
nikauloweka maji ya majivu siku mbili,
nikausokota, nikauning'iniza na jiwe.
Mgeni alikuja mwenyewe kutazama.
Hakuziba pua.
Sikuwa na kiti, nikampa kibao cha mbuzi,
akakalia, sketi yake yote ile, bila kuuliza meno ni ya nini.
Akanyoosha mkono kuupima unene wa uzi,
nami nikamkamata kidole:
sugu.
Ncha za vidole vile, juu ya pete na lulu,
ngumu kama kisigino cha mchukuzi.
Nikamwonyesha zangu.
Tulicheka, kila mmoja kwa lugha yake,
kuku wakakimbia.

Nikamuuliza, kupitia Kaitano:
mbona nyingine nyekundu, nyingine nyeusi?
Akajibu: Ili nisipotee.
Kumbe na yeye hupotea.

Jumamosi wakaja mabalozi na matajiri wa karafuu,
wake zao wakijipepea kabla hata ya kukaa.
Sikualikwa, wala sikuudhika.
Nilisimama kichochoroni,
mlizamu ukinimwagia bega la kushoto.
Alipoanza, mimi wimbo sikuusikia.
Wengine ndio waseme kama ulikuwa mzuri.
Nilikuwa namngoja wa thelathini na moja,
na kila alipomgusa, tumbo langu mimi likavutika.
Mwanzo alisimama sawa.
Kisha akaanza kushuka, kidogo, kidogo sana,
kama mtu aliyechoka asiyetaka kusema.
Nikanong'ona: Kaza, mwanangu.
Na bibi naye, huko juu, akajua.
Nilisikia alivyojua:
akaanza kumkwepa,
akamzunguka kama unavyozunguka dimbwi na viatu vipya,
akampiga pale tu palipokosa budi,
upesi, akamfunika kwa mwenzake.
Makofi yakaishinda mvua.
Unguja nzima tulijua watu wawili,
mmoja kwenye mishumaa,
mmoja aliyelowa.

Asubuhi Kaitano aliniletea reale moja ya fedha
na uzi wenyewe, umevingirishwa kwenye karatasi.
Alisema nini? nikauliza.
Hakusema. Alikuwa anafunga mizigo.
Mpaka leo sijui ile ilikuwa heshima
au alikuwa ananirudishia mali yangu mbovu.

Reale ilikwenda kwa mwenye nyumba.
Uzi nimeufungia mlango wa banda la kuku.
Jogoo akitoka huugonga kwa bawa,
nami, hata niwe nafua, huinua kichwa.
Umeshuka zaidi sasa.