Kisa cha Arobaini na Moja

Kwanza nilifuta jina.
Kona ya kushoto ya picha, pale mashine
ilipomwandika Ndahani Chimya
kwa herufi nyeupe, nene, kama za kibao cha duka.
Namba ya faili. Tarehe. Hospitali.
Kikabaki kifua:
mbavu, moyo ulioegemea kushoto,
na chini ya pafu la kulia, kitu.

Upepo wa Septemba ulikuwa unasugua vumbi dirishani.
Bando nusu. Picha ikapanda mtandaoni
asilimia tatu, asilimia nne,
kama mtu apandaye mlima na ndoo kichwani.

Kanzidata yetu changa: visa arobaini,
wahakiki saba, kila mmoja na zamu zake za usiku,
na sheria moja aliyoibandika Mbeleje ukutani:
HAKIPITI KISA KWA URAFIKI.

Kilirudi mara ya kwanza kutoka Mbeya.
"Umeandika 'mkulima wa zabibu, Hombolo'.
Wangapi wana zabibu Hombolo
na wamepasuliwa kifua mwaka huu? Futa."
Nikafuta Hombolo. Nikafuta zabibu.
Iliniuma. Alikuwa ameniachia vishada viwili
juu ya meza ya kusomea picha.

Kilirudi mara ya pili kutoka Mwanza.
"'Bila shaka' la nini? Ondoa.
Na hiyo alama ya yungiyungi, ieleze.
Msomaji wako pengine hajaliona ua hilo."

Kweli. Huku mto, miezi minane, ni njia ya ng'ombe.
Nitamwambiaje tabibu wa Manyoni
habari za ua linaloelea?
Nikaandika: ni uvimbe wa tegu wa mbwa, umejaa maji.
Ukipasuka, hewa huingia juu,
na ngozi yake ya ndani hukunjamana, huelea,
mfano wa utando wa maziwa uliosukumwa na kijiko.
Mwanza wakajibu: "Hilo la maziwa, liache."

Mara ya tatu aliuliza Mbeleje.
Anakaa vyumba viwili kutoka hapa,
angeweza kuja akaniuliza kwa mdomo.
Aliandika, kama sheria itakavyo:
"Picha ya Januari iko wapi?
Nani aliisoma, akasema nini?"

Feni ilizunguka. Nikaitazama ikizunguka.

Picha ya Januari ninayo.
Duara lilelile, dogo, kingo laini kama yai,
na chini yake maneno sita:
Kifua kikuu. Aanze dawa mara moja.
Na sahihi.

Miezi sita alimeza vidonge vya ugonjwa asiokuwa nao,
mkojo ukawa rangi ya chungwa,
mbuzi wakauzwa, mmoja mmoja, kwa nauli,
mpaka usiku alipokohoa maji ya chumvi
mkewe akakinga bakuli.

Kisa bila Januari ni kizuri. Kina ua.
Kisa chenye Januari kina mimi.

Sasa naipakia. Sabini na mbili. Tisini na moja.
Penye "aliyesoma picha" fomu haidai jina;
yatosha "daktari wa picha, mwaka wa pili kazini".
Naandika hivyo. Nanyanyuka, nafunga dirisha.
Narudi, naongeza:
ndiye mwandishi wa kisa hiki.

Skrini inasema kimepokelewa.
Kinasubiri wahakiki.